Utando wa Bakteria: Jina Moja kwa Ukoga na Utelezi

Ingiza mkono ndani ya dumu la maji, bidoni kama tusemavyo hapa mtaani Asiatique, Bujumbura, upapase ukuta wake. Vidole vinateleza: huo tunauita utelezi. Kwenye meno tunauita ukoga. Kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mwani, ni malisho: samaki aina ya Tropheus huukwangua siku nzima. Wanasayansi wana jina moja kwa yote haya, biofilm, na kwa Kiswahili wengine huliandika biofilamu.

Maana yake ni hii: jamii ya bakteria walioacha kuelea, wakashika juu ya kitu na kujifunika kwa ute walioutoa wenyewe. Ute huo una sukari, protini na hata DNA, na ndani yake mna vijia vya kupitisha maji na chakula. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwaona wakazi wake kwa hadubini mwaka 1683, alipokwangua ukoga wa meno yake. Lakini maabara zilizoea kuchunguza bakteria wanaoelea chupani, hadi mwaka 1978 mtaalamu wa bakteria J. W. Costerton na wenzake waliposisitiza kwamba, katika maumbile, wengi wao huishi wameshikamana.

Tuiteje basi? “Biofilamu” inapotosha, maana filamu kwetu ni sinema. “Ukoga” ni neno letu la siku nyingi, ila limekwisha kuhukumu: ukoga ni uchafu. Mimi nachagua “utando wa bakteria”. Utando watokana na kutanda, kama wingu. Tena kuna utando wa buibui, ambao nyuzi zake hutoka mwilini mwa buibui mwenyewe, kama ute utokavyo kwa bakteria. Na neno hilo halisemi kama kitu ni kibaya au kizuri.

Hilo ni muhimu, kwa kuwa kitu chenyewe kina pande mbili. Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye mwambao wa ziwa letu, na bakteria wake hujenga utando juu ya viumbe vidogo vya majini. Wakiwa ndani ya utando, bakteria huhimili dawa ambazo zingewaua wakielea. Upande wa pili, kipindupindu kilipozuka mwaka 1892, miji ya Hamburg na Altona, Ujerumani, ilikunywa maji ya mto uleule, Elbe. Hamburg, iliyokunywa bila kuchuja, ilizika zaidi ya watu 8,000. Altona ilichuja maji yake polepole kwa mchanga, ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Juu ya mchanga wa namna hiyo hutanda utando hai, nao hunasa vijidudu na kuvila.

Daktari wa meno, mhandisi wa maji, mkemia na mtaalamu wa samaki wanachunguza kitu kimoja. Wakikiita kwa majina manne, kila mmoja atabaki na robo ya elimu. Wakiwa na jina moja, watasomana.

Na elimu hiyo itufikie majumbani. Klorini, dawa tunayotia majini, huishia kupambana na ute wa juu kabla ya kuwafikia bakteria walio chini. Kwa hiyo, mama, usimimine dawa juu ya utelezi. Sugua bidoni kwanza mpaka kidole kikwame, suuza, ndipo utie maji na dawa.