Waliopima Kuta za Kilwa

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea ni Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya. Upande wake mmoja umeliwa na bahari. Mawimbi, chumvi na mizizi ya miti havina haraka, ila havilali.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, na mwaka 2014 ndipo yalipotolewa kwenye orodha ya hatari, baada ya mafundi kuziba nyufa na kuimarisha kuta. Mafundi wamesifiwa, na wanastahili. Mimi leo nawasifu wapimaji.

Mwanaakiolojia Peter Garlake alizunguka pwani hii akichora misikiti na nyumba za mawe: mihrabu, vidaka, milango, kila kimoja na vipimo vyake. Kitabu chake kilitoka 1966. Neville Chittick naye alichimba Kilwa kwa miaka kadhaa, pamoja na Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane juu ya bahari. Matokeo aliyachapisha mwaka 1974, majuzuu mawili. Watu husahau kwamba mchimbaji hubomoa anachokisoma. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudi, na kinachobaki ni daftari lake, picha na michoro. Daftari likiliwa na mchwa, tabaka lile limepotea mara ya pili, na safari hii kabisa.

Baadaye wakaja wapimaji wa leza wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioasisiwa na Heinz Rüther. Jina wamelichukua kwenye Kiswahili chetu. Chombo chao husimama juu ya miguu mitatu, kikitupa mwale ukutani na kupima umbali hadi pale ulipogonga. Hurudia hivyo mamilioni ya mara, kutoka kila upande, mpaka nukta zote zikiunganishwa jengo zima linasimama ndani ya kompyuta. Ufa ukionekana kwenye kuba la Msikiti Mkuu, fundi ana cha kuulinganisha nacho.

Hofu yangu iko kwenye utunzaji. Mchoro wa Garlake bado unasomeka kwa macho matupu. Diski hufa bila kuonyesha ufa, na programu ya kufungulia faili huzeeka, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kuhamisha nakala kila baada ya miaka michache, naye alipwe. Na nakala mojawapo ikae karibu na magofu yenyewe. Ikiwekwa Kilwa Masoko, watoto wa shule wataweza kuhesabu vidaka vya nyumba za Songo Mnara, hata vile ambavyo masika ijayo itaviangusha.