ALEJI YA CHAVUA: MBONA NAPIGA CHAFYA KWA NYASI AMBAYO SIJAWAHI KUIONA?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuongelee mafua. Siyo ya baridi, ni yale ya aleji (mzio) yanayoletwa na chavua, ule unga wa maua. Yamenikuta mwenyewe. Nilipimwa kwenye hospitali moja: unadondoshewa matone ya kila mmea mkononi, unachomwa ngozi kidogo, unasubiri kama dakika 15 hivi, palipovimba kama pameng'atwa na mbu unawekewa alama ya jumlisha. Nilivimba kwa ukoka, kwa chavua ya mahindi na kwa timothi. Nikaambiwa epuka vyote, kwisha habari. Bi mkubwa kusikia hivyo akataka kung'oa mahindi yote nyuma ya nyumba, na ndiyo kwanza yametoa mbelewele!

Sasa timothi ni nyasi ya malisho yenye asili ya Ulaya, mimi sijawahi hata kuiona. Aleji yake nimeitoa wapi?

Iko hivi. Aleji inaletwa na kingamwili zinazoitwa IgE, ambazo ziligunduliwa miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko kule Denver, Marekani, na pia na watafiti wa Sweden. IgE haijui mmea, inajua umbo la protini tu. Ikishazoea protini ya ukoka, ikikutana na nyingine yenye umbo karibu sawa inaikamata hiyo hiyo. Ni kama mlinzi anayemkamata mdogo mtu kwa kosa la kaka yake, sura tu zimemponza.

Na nyasi ni ndugu kweli. Mahindi, mpunga, ngano, ukoka, timothi, wote ukoo mmoja. Karibu zote zina protini ya kundi la 1, ambayo kazi yake ni kulainisha njia ili chavua ipenye kwenye ua la kike. Wataalamu huziita Phl p 1 (timothi), Cyn d 1 (ukoka), Zea m 1 (mahindi). Majina yanatisha ila ni rahisi: herufi tatu za jina la kwanza la kisayansi, moja ya jina la pili, halafu namba.

Kundi la 5 ndiyo lenye utamu. Timothi na ndugu zake wa nchi za baridi wanalo, ukoka hauna kabisa. Kwa hiyo kipimo cha damu cha Phl p 5 kinaweza kuonyesha kama aleji yako ilianzia kwa timothi na wenzake au umefananishiwa tu.

Kuna nyingine inaitwa profilini. Hii iko karibu kwenye kila mmea, hata isiyo na undugu, na wengi wenye IgE yake wanavimba kwenye vipimo vya mimea kibao bila kuumwa chochote. Jumlisha kwenye karatasi siyo lazima iwe ugonjwa, hili mimi sikuambiwa.

Ulaya kuna kali zaidi: mwenye aleji ya chavua ya mti wa betula akila tufaa (epo) bichi mdomo unawasha, kwa sababu Bet v 1 ya betula inafanana na Mal d 1 ya tufaa. Likipikwa mara nyingi halimsumbui, joto limeshaharibu umbo la protini.

Mnaweza kusema inatuhusu nini. Inahusu mfuko! Kuna tiba ya sindano za chavua, Leonard Noon aliiandika London mwaka 1911, naye alitumia timothi hiyo hiyo. Unachomwa kidogo kidogo kwa miaka kama mitatu. Ukidungwa timothi wakati anayekusumbua ni ukoka, kinga yake haitabiriki, na hela imeshaondoka.

Mimi chafya zinaanza ukoka wa uwanja wa mpira ukichanua, mahindi yawepo yasiwepo. Nikamweleza bi mkubwa, akaweka jembe chini. Ila kifua kikibana na kutoa mlio usikae kusoma blogu, hiyo inaweza kuwa pumu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mahindi tulichoma mwezi uliofuata, nikala matatu.