Kodiani katika Taarab ya Zanzibar: Mgeni Aliyepewa Kiti

1.0 Utangulizi



Mwanaisimu anapozungumzia ala ya muziki hana budi kwanza kueleza anatafuta nini katika shamba la wenzake. Wataalamu wa muziki wameiandika taarab kwa kina, na Mohamed Seif Khatib alikwisha kutupatia kitabu chake, Taarab Zanzibar, mwaka 1992. Mimi nimeingia shambani humo nikifuata neno moja tu, nalo ni neno “asilia”.

Siku hizi husemwa kuwa ipo taarab asilia na ipo taarab ya kisasa. Ukimwuliza msikilizaji wa Unguja atazitambuaje, aghalabu atakutajia ala. Penye udi, kanuni, fidla na kodiani, hiyo ni asilia. Penye kinanda cha umeme na gitaa, hiyo ni ya kisasa. Jibu hilo linaridhisha mpaka tutakapoitazama ile ala ya nne. Udi na kanuni zina nasaba ndefu katika nchi za Kiarabu. Kodiani haina nasaba hiyo, kwani ilizaliwa Ulaya, na kujiunga kwake na taarab ni tukio la juzi. Je, tunapoihesabu miongoni mwa ala za asili tunajidanganya? Madhumuni ya mhadhara huu ni kulijibu swali hilo kwa kufuatilia historia ya ala yenyewe, tangu ilipoanza hadi kwa wapigaji wa miongo miwili ya karibuni.

2.0 Jina na Safari Yake

Mwezi Mei mwaka 1829, mtengenezaji wa ala aitwaye Cyrill Demian aliomba mjini Vienna hataza ya ala mpya aliyoiita Accordion. Jina hilo linatokana na neno la Kijerumani Akkord, lenye maana ya sauti kadhaa zinazolia pamoja kwa upatanifu. Ala yenyewe ilikuwa na mvukuto uliosukuma hewa kwenye vilimi vya chuma, na kila kitufe kilipobonyezwa kilitoa mkusanyiko wa sauti, si sauti moja. Jina, basi, lilieleza kazi.

Kiswahili kimelipokea jina hilo kwa namna mbili: wako wasemao akodiani, na wako wasemao kodiani. Katika mhadhara huu nitatumia umbo la pili. Umbo hilo lina ushahidi wa kihistoria. Sauti /r/ iliyomo katika tahajia ya Kiingereza haimo katika neno letu, kwa sababu haimo katika matamshi ya Waingereza wenyewe. Kwa hiyo yaelekea kwamba neno hili lilitufikia kwa masikio, katika zama za himaya ya Uingereza iliyodumu Zanzibar kuanzia 1890 hadi 1963, wala halikutokana na maandishi. Mwishoni limeongezwa irabu, kama ilivyo kanuni ya silabi zetu, nalo likaingizwa katika ngeli ya I-/ZI-: kodiani hii, kodiani hizi. Wasotho, ambao waliifanya ala hiyohiyo kuwa nguzo ya muziki wao wa famo, huiita koriana. Kila lugha ilimvika mgeni kanzu iliyokuwa nayo.

Kitenzi nacho kina la kutufundisha. Kwa Kiswahili, kodiani hupigwa, ingawa mkono wa mpigaji haupigi kitu: mmoja hubonyeza vibao, na mwingine huvuta na kusukuma mvukuto. Lugha haikuona haja ya kumtafutia mgeni kitenzi kipya. Ilimkalisha pamoja na udi, fidla na ngoma, ambazo zote hupigwa.

Hata hivyo, mageuzi makubwa zaidi yako katika maana. Taarab hujengwa juu ya mkondo mmoja wa sauti, ambao ala zote huufuata, kila moja kwa madaha yake. Haikujengwa juu ya sauti zinazopandana kwa upatanifu kama muziki wa Ulaya. Kwa sababu hiyo, mpiga kodiani wa taarab kwa kawaida hutegemea mkono wa kulia, wenye vibao vya kufuata mkondo wa wimbo. Vitufe vya kushoto, ambavyo ndivyo vinavyotoa ule mkusanyiko wa sauti, huvitumia kwa nadra, na mkono huo huwa na kazi kubwa ya kuuongoza mvukuto. Tazameni basi jambo lililotokea: ala iliitwa kwa jina la Akkord, nasi tukalipokea jina na kuiweka kando Akkord yenyewe. Wanafunzi wa semantiki hawatapata mfano bora wa neno lililohama na umbo lake na kuacha nyuma maana iliyolizaa.

3.0 Kiti katika Kikundi

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba hapo ndipo ulipoanzia muziki wa taarab katika kasri. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Akhwani Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, naye ndiye aliyeutoa muziki huo katika Kiarabu cha kasri na kuupa Kiswahili cha mitaa ya Ng’ambo. Kundi lake lilikuwa dogo, na kodiani haikuwamo.

Mabadiliko yalikuja katikati ya karne ya ishirini. Filamu na santuri kutoka Cairo ziliwafikishia Wazanzibari sauti ya makundi makubwa ya Misri, yenye safu za fidla, sello, na kodiani pia. Vikundi vya Unguja vilipanuka kwa kufuata mfano huo. Hivyo kodiani ilitufikia kwa kuzunguka: ilitoka Ulaya, ikapita kwa Waarabu wa Misri, na ilipofika kwetu ilikuwa tayari imekwisha kujifunza adabu za muziki wa Mashariki. Jina lake tulilipata kwa Waingereza, bali mwenendo wake tuliupata Misri.

Mgeni huyu hakuja bila kasoro. Vilimi vya chuma vya kodiani vimewekewa sauti zisizobadilika, na kwa hiyo haviwezi kutoa zile robo za sauti ambazo mpiga udi au fidla huzipata kwa kusogeza kidole. Misri, wako waliozirekebisha kodiani zao ili zitoe robo hizo. Penye kodiani isiyorekebishwa, kikundi hulazimika ama kuchagua maqamu yasiyodai robo za sauti, ama kumtaka mpigaji anyamaze kidogo na kuwaachia wenzake. Kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi wake. Mpigaji mzuri hujulikana pia kwa mahali anapoacha kupiga.

Faida zake nazo ni dhahiri. Kodiani huweza kuishikilia sauti kama fidla, na wakati huohuo huweza kuianza kwa makali kama kanuni. Katika bashraf, yaani ule muziki usio na maneno unaofungua onyesho, huziba pengo baina ya nyuzi zinazokwaruzwa na nyuzi zinazodonolewa. Mwimbaji anapomaliza mshororo, aghalabu kodiani ni miongoni mwa ala zinazomjibu kabla hajaanza mwingine. Kikundi cha Mila na Utamaduni, kilichoanza mwaka 1958 na kujulikana pia kama Culture Musical Club, kiliulea mtindo huu wa kundi kubwa hata baada ya Mapinduzi ya 1964, na sauti ya kodiani ikawa haitengani na sauti ya kundi lenyewe.

4.0 Kinanda cha Umeme na Swali la Uasilia

Katika miaka ya 1990 kikaja kinanda cha umeme. Vikundi vya mtindo wa rusha roho, kama East African Melody kilichoanzishwa mwaka 1992, vilijengwa juu ya kinanda hicho pamoja na magitaa. Sipendi kuubeza mtindo huo. Umeleta mashabiki wengi, umewapatia watu riziki, na mafumbo yake ni hazina kwa mtafiti wa lugha. Ila nataka tuulizane: ikiwa kodiani ilikuwa mgeni na ikapokewa, kwa nini kinanda cha umeme, ambacho nacho ni mgeni, kiitwe cha kisasa na kisiitwe asilia? Je, ni suala la miaka tu, na baada ya miaka hamsini wajukuu wetu watakiita asilia?

Jibu langu linatoka katika isimu. Neno la mkopo linaloingia katika lugha na kukubali ngeli, viambishi na mpangilio wa sentensi huitajirisha lugha hiyo. Ila maneno ya kigeni yanapokuja na sarufi yao, na kuifanya sentensi nzima isihitaji tena sarufi ya mwenyeji, hapo mwenyeji amehamishwa nyumbani kwake. Kodiani ilifanya lile la kwanza. Ilichukua kiti kimoja kati ya viti ishirini, ikaacha Akkord yake mlangoni, ikawafuata wenzake na kuwasubiri. Kinanda cha umeme kina uwezo wa kuigiza fidla, kanuni, ngoma, hata kodiani yenyewe. Kwa hiyo hakikuomba kiti. Palipokuwa na wapigaji ishirini, wakatosha watano.

Kwa maoni yangu, basi, uasilia hauko katika pasi ya kusafiria ya ala. Uko katika mapatano yaliyopo baina ya wapigaji. Ala ni asilia pale inapowahitaji wengine. Kwa kipimo hiki kinanda cha umeme nacho chaweza kuwa asilia siku kitakapokubali kukaa kiti kimoja.

Liko pia jambo la kidunia zaidi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa takriban miezi mitatu, baada ya hitilafu ya mfumo ulioleta umeme kutoka bara. Kinanda cha umeme kilihitaji jenereta na mafuta. Kodiani ilihitaji mikono miwili. Sisemi kwamba giza ni hoja ya kitaaluma, lakini lilitukumbusha ni ala gani inayovuta pumzi yake yenyewe.

5.0 Wapigaji wa Miongo ya Karibuni

Miongo miwili iliyopita haikuwa ya maombolezo matupu. Mwaka 2002 kilianzishwa mjini Zanzibar Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na vijana wakaanza kufundishwa ala za taarab darasani, wakati ambapo zamani ufundi huo ulipatikana kwa kukaa kando ya mpigaji mkongwe jioni baada ya jioni. Mwaka 2004 likaanza tamasha la Sauti za Busara, lililovipa vikundi vya taarab jukwaa la Ngome Kongwe mbele ya hadhira ya mataifa mengi. Mwaka 2005 Akhwani Safaa walitimiza miaka mia moja, na santuri ya kwanza katika mfululizo wa Zanzibara ikatolewa kuuadhimisha umri huo. Mwaka 2009 Mariam Hamdani aliunda Tausi, kundi la wanawake wanaoimba na kupiga ala wenyewe, katika utamaduni ambao kwa muda mrefu uliwaachia wanaume kazi ya kupiga.

Katika mfululizo huohuo wa Zanzibara, toleo la 8 ni la Rajab Suleiman na kundi lake la Kithara, liitwalo Chungu. Nawashauri wanafunzi walisikilize kwa makini. Kundi ni dogo, na kwa hiyo kila ala husikika waziwazi. Kodiani ya Foum Faki haifichiki nyuma ya safu ya fidla kama ilivyokuwa katika makundi makubwa. Inajibizana na kanuni ana kwa ana, na hapo mtasikia jinsi mvukuto unavyozipandisha na kuzishusha sauti kama kifua cha mtu anayesema. Kundi limepungua, lakini mapatano yamebaki.

Pamoja na mafanikio hayo, msingi ni dhaifu. Tamasha la Sauti za Busara halikufanyika mwaka 2016 kwa upungufu wa fedha. Mwaka 2019 Chuo cha Muziki kilitangaza hadharani kwamba kingeweza kufungwa kwa sababu hiyohiyo. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, naye akaondoka na kumbukumbu ambazo hakuna darasa linaloweza kuzirudisha. Kodiani yenyewe ni ala ngumu kuitunza pwani: unyevu na chumvi hula vilimi vya chuma, na ngozi ya mvukuto hupasuka. Anayejua kuitengeneza anashika funguo za mlango mzima.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kodiani ni asilia kwa tabia ingawa ni mgeni kwa kuzaliwa, na kwamba historia yake inatupa kipimo cha haki cha kuzipima ala zijazo. Lakini kipimo hakimlindi mpigaji.

Sisi watu wa lugha tuna wajibu wetu katika jambo hili. Kamusi zetu zinaweza kutuambia kodiani ni nini. Hazituambii mpigaji anauitaje ule mvuto mrefu wa kufunga wimbo, wala mwalimu anamwambia nini mwanafunzi anayewatangulia wenzake. Maneno hayo yamo vinywani mwa watu wachache, wengi wao wakiwa wazee kunishinda mimi. Kwa hiyo ombi langu kwa wanafunzi mliomo humu ni dogo. Kabla hamjachagua mada ya tasnifu, nendeni mkaketi jioni moja katika mazoezi ya taarab, kimya, na daftari magotini. Andikeni kila neno linalosemwa wimbo unaposimamishwa, maana hapo ndipo sarufi ya muziki huu inapofundishwa.