Kunde za Kakapel na Jembe la Msamia: Watoto Wetu Waguse Historia



Ukimuuliza mtoto wa Busia waanzilishi ni akina nani, atakutajia Wazungu waliopita hapa na kofia zao. Wa upande wa Kenya atataja waliomo kwenye kitabu chake cha shule, wa Tororo naye wa kitabu chake. Hakuna atakayemtaja bibi aliyepanda kunde. Na kosa si la mtoto. Historia tumemsomea kama orodha ya majina, hatukumpa kitu cha kushika mkononi.

Basi tuanzie kwa huyo bibi. Katika Teso, Kaunti ya Busia, kuna jabali liitwalo Kakapel ambalo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanalihifadhi. Ukutani mwake mna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, mingine ya maumbo ya duara, mingine ya ng'ombe. Wengi wetu tuliishi karibu nalo miaka mingi tukidhani ni mahali pa watalii tu. Mwaka 2024 wataalamu waliochimba chini ya jabali hilo walitangaza kwamba walipata mbegu ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, pamoja na mtama na wimbi wa zama za baadaye. Kunde hiyo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo katika Afrika Mashariki. Hizi ndizo kunde ambazo mama zetu wanapika majani yake kila wiki! Mwanzilishi wa kwanza wa nchi hii alikuwa mkulima, na mboga yake bado iko jikoni kwetu.

Kakapel mikono hukaa nyuma, kwa sababu jasho la vidole huharibu michoro. Lakini wimbi linashikika. Tulipoazima jiwe la kusagia kwa bibi mmoja jirani na madrasa, wasichana walidhani ni mchezo. Baada ya nusu saa walikuwa na unga usiojaza hata bakuli moja, magoti yanauma na wanacheka. Wavulana walioketi kuwatazama tuliwapa zamu yao, wakanyamaza. Swali lililofuata lilitoka kwao wenyewe: je, mama mwenye watu kumi nyumbani alianza kusaga saa ngapi? Hakuna ukurasa wa kitabu uliowahi kutupatia swali kama hilo.

Hazina nyingine tuliyo nayo ni chuma cha Samia. Kabla ya majembe ya kiwandani kuja kwa meli na reli, wahunzi wa vilima vya Samia waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yaliuzwa mbali, kwa Wajaluo, kwa Wateso, mpaka Busoga. Jembe lilikuwa mali; watu waliolea mahari kwa majembe. Sisi tunaosomesha habari za Nabii Daud (a.s.) aliyelainishiwa chuma tungeweza kumweka mtoto mbele ya mivukuto ya kweli akaelewa kwa nini kulainika kwa chuma ni neema kubwa namna ile. Lakini tuharakishe. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani kila juma na mizani yao, na nyumba moja tunayoijua imeuza jembe la babu kwa kilo pamoja na mabati mabovu. Bei yake haikufika ya sukari ya chai ya siku mbili.

Halafu kuna njia. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe ya Mackinnon na Sclater, iliyoanzwa mwaka 1890 huko pwani, ilikuwa na urefu wa maili 600 hivi, na mwisho wake ulikuwa hapa Busia. Kabla yake misafara ya Waswahili ilikuwa ikifika Mumias kwa Nabongo Mumia, na Uislamu wa upande huu kwa sehemu kubwa ulikuja na miguu hiyo. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 kwa kadiri. Jaza gunia mahindi ya uzito huo, umpe kijana wa miaka kumi na sita alibebe kutoka msikitini mpaka sokoni, kisha umwambie kwamba wenzake walitembea nalo miezi, sio dakika. Mizigo ile ilikoma reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901.

Mwaka uliofuata, 1902, Waingereza waliuhamisha mkoa wote wa mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya ya leo. Mumias, Kisumu, na Busia hii ya Kenya zilikuwa Uganda mpaka mwaka huo. Mteso alilala katika nchi moja akaamka katika nyingine, na shamba lake liko palepale. Watoto wakiwekewa ramani mbili, ya kabla na ya baada, wataelewa kwa nini shangazi zao wako Tororo.

Kwa wanaoweza kusafiri, Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980 yana boma kamili la Kijaluo, nyumba ya kila mke mahali pake na maghala ya nafaka. Ya Kitale nayo yana nyumba za asili. Makumbusho ya Uganda kule Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yana kijiji cha nyumba za makabila nyuma ya jengo lake la Kitante.

Hapo ndipo baadhi ya wazazi husita, na tunawaelewa. Zamani watu wa Kampala waliyaita makumbusho yale nyumba ya mayembe, kwa kuwa vitu vya mizimu vilikuwamo, na wengine waliogopa kuingia. Rai yetu ni kwamba kutazama si kuabudu. Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Mtoto asiyejua babu zake waliogopa nini hataelewa Uislamu uliwatoa wapi. Mwalimu asimame pale aeleze. Akinyamaza, ataeleza mwingine.

Kakapel tunakusudia kwenda likizo ijayo, insha Allah. Anayekuja alete kibuyu, kata, kipimo au chombo chochote cha zamani cha nyumbani kwao, pamoja na jina la aliyekitumia, tuviandike kwenye daftari kabla ya safari. Wazazi wa upande wa Uganda waulize mapema ofisi ya uhamiaji karatasi za watoto wao, tusije tukakwama mpakani na basi zima.