Kihispania Unakijua, Ni Vile Tu Hujajua

Wasee, kila Mkenya anajua Kihispania kidogo. Uliza mzazi wako kuhusu mafuriko ya 1997. Atakwambia El Niño. Maana yake ni "mtoto wa kiume", yaani mtoto Yesu. Wavuvi wa Peru waliona bahari yao ikipata joto karibu na Krismasi, wakaipa hali hiyo jina hilo.

Tangu niache chuo, najifunza Kihispania kwa simu. Nilianza na viwakilishi: yo ni mimi, tú ni wewe. Kisha usted, "wewe" ya heshima. Ilitoka kwa vuestra merced, vile watu walikuwa wanaita wakubwa wao. Ilitamkwa haraka haraka hadi ikafupika.

Halafu somo la hali ya hewa: lluvia ni mvua, viento ni upepo, huracán ni kimbunga. Sasa hiyo huracán haikutoka Uhispania. Ni ya Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, kule Columbus alifika 1492. Magonjwa na kazi ya kulazimishwa vilimaliza wengi wao. Lakini mabaharia hawakuwa na jina la dhoruba kama ile, wakachukua la wenyeji.

Manze, hapo nilinyamaza. Watu walinyang'anywa visiwa, neno lao likabaki. Sisi huku Pwani tuko na kaskazi na kusi, pepo zilizosukuma majahazi. Mara ya mwisho uliyataja hayo majina lini? Mimi sikumbuki, na hakuna mtu alitunyang'anya.