Kinyama Kutoka Mulago: Uvimbe wa Taya Uliofundisha Dunia Kupima Saratani

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto mmoja wa kiume. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Jipu halivimbi pande nne kwa mpigo, na saratani alizozijua Burkitt hazikuwa na mpangilio huo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alikutana na mtoto mwingine mwenye taya za namna ile ile. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia.

Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt, saratani inayoanzia kwenye seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa saratani zinazojulikana sana katika wodi za watoto. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba ugonjwa huu uliifundisha dunia mengi kuhusu kupima saratani, kuanzia hadubini ya kawaida hadi usomaji wa jeni, na kwamba somo hilo lilitoka kwenye vinyama, yaani vipande vidogo vya uvimbe, vilivyokatwa kwa watoto wa ukanda wetu.

Magonjwa mengi, kumbe mmoja

Burkitt alirudi kupekua mafaili. Alikuta watoto wengi waliougua hivyo, ila wamesajiliwa kwa majina tofauti. Uvimbe wa taya uliandikwa jina lake, wa jicho lake, wa figo lake, wa ovari lake. Kila idara ilikuwa imeona kipande chake cha ugonjwa. Mwaka 1958 alichapisha ripoti yake ya kwanza katika jarida la upasuaji la Uingereza, akiuita sarkoma, yaani saratani ya mifupa na tishu kama misuli, ya taya ya watoto wa Kiafrika.

Jina hilo lilihitaji kusahihishwa, na waliolisahihisha ni watu wa maabara. Idara ya patholojia ya Mulago, chini ya Profesa Jack Davies, ilikuwa na desturi njema ya kutunza vinyama vya wagonjwa pamoja na kumbukumbu zao. Kinyama hulowekwa kwenye formalini kisioze, kikaondolewa maji, kikazamishwa katika nta, kisha kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande hivyo hubandikwa kwenye vioo na kupakwa rangi mbili: ya buluu inayoshika viini vya seli, na ya waridi inayoshika sehemu zilizobaki.

Davies na mwenzake Mmarekani, Greg O'Conor, walipopitia vioo hivyo kimoja baada ya kingine, waliona seli za aina moja katika taya, figo, ini na ovari. Zilikuwa seli za limfoma, si sarkoma. Kati ya seli hizo zilizosongamana zilionekana seli nyeupe walaji zilizokuwa zikimeza seli zilizokufa, na kwa kuwa zimetapakaa kama nyota, madaktari duniani kote huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Kuanzia mwaka 1960 matokeo yao yakachapishwa, na magonjwa yaliyokuwa na majina mengi yakawa ugonjwa mmoja.

Mwishoni mwa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu kuelekea kusini. Kwa wiki 10 walisafiri kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali za serikali na za misheni, wakionyesha picha na kuuliza nani amewahi kuona watoto wa namna hii. Waligundua kwamba ugonjwa hufuata maeneo ya joto na mvua, na hupungua milimani. Ramani hiyo ilizua hoja mbili: huenda kuna kirusi, na huenda malaria ina mkono wake.

Mzigo uliochelewa kwa ukungu

Machi 1961 Burkitt alikuwa amezungumza katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Wakakubaliana vinyama vya uvimbe viwe vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivitazama kwa hadubini ya elektroni bila kuona kirusi chochote.

Desemba 1963, ndege iliyobeba sampuli mojawapo ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Mzigo ulipofika maabara hatimaye, maji yaliyohifadhi kinyama yalikuwa yamechafuka. Dalili zote zilionyesha kwamba bakteria wameingia, na kwa kawaida sampuli ya hivyo hutupwa. Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini kwanza. Uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe, zilizobanduka kwa mtikisiko wa safari na kuelea zenyewe.

Yeye na msaidizi wake, Yvonne Barr, wakaziotesha zikielea hivyo hivyo katika vyupa. Mapema 1964, pamoja na Bert Achong wa Trinidad, waliona ndani ya seli hizo kirusi cha jamii ya hapesi ambacho hakikuwa kimejulikana. Machi mwaka huo taarifa yao ilitoka katika jarida la Lancet. Kirusi cha Epstein-Barr kikawa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kromosomu zilizobadilishana vipande

Wakati huo huo, Peter Clifford aliyekuwa akiwatibu watoto hawa Nairobi alikuwa akituma vinyama Stockholm, kwenye maabara ya George Klein katika Taasisi ya Karolinska. Mwaka 1972 wanasayansi wawili kutoka Bulgaria, Georgi Manolov na Yanka Manolova, wakifanya kazi Sweden, walitumia mbinu mpya ya kupaka kromosomu rangi zinazotoa mistari. Katika sampuli nyingi za Burkitt waliona kromosomu namba 14 imeongezeka kipande. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande hicho kimetoka wapi: kimekatika kutoka kromosomu namba 8.

Jibu kamili lilipatikana mwaka 1982. Kwenye kromosomu namba 8 kuna jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Kwenye namba 14 kuna jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli hizi hufanya kazi muda wote. Kipande kinapohama, MYC huangukia jirani na jeni hiyo isiyolala, nayo ikaacha kupumzika. Ndiyo sababu uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Tangu hapo, kuuliza kama MYC imehama kukawa sehemu ya kuutambua ugonjwa huu. Kingamwili za maabara, zilizowezekana baada ya kazi ya Georges Köhler na César Milstein mjini Cambridge mwaka 1975, nazo zikaongeza njia ya kutambua alama zilizo juu ya seli. Katika limfoma ya Burkitt mpatholojia hutafuta alama za CD20 na CD10, pamoja na Ki-67, ambayo huonyesha kwamba karibu kila seli imo katika kugawanyika.

Deni kwa watoto wetu

Vipimo hivi vyote vina sharti moja la kale: kinyama kichukuliwe vizuri. Kikikaa nje ya formalini kinaharibika. Kikiachwa humo kwa siku nyingi kupita kiasi, vinasaba vyake hukatikakatika, na kipimo cha jeni hakitatoa jibu la kuaminika. Michael Hutt, aliyefika Mulago kuongoza patholojia mwaka 1962, alilielewa hilo. Alijenga huduma ya kupokea na kusoma vinyama kutoka hospitali za mbali na Kampala, ili mgonjwa wa wilayani naye apate jibu. Mwaka 1967 Mulago ikazaa kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Saratani hii inapona. Tangu miaka ya 1960 dawa zilionyesha kwamba uvimbe mkubwa wa taya unaweza kuyeyuka kwa siku chache. Kinachowaumiza watoto ni muda: wiki zinazopotea kwa dawa za jino na antibiotiki, kisha nyingine za kusubiri majibu kwa sababu wapatholojia ni wachache na kemikali zimeisha. Kwa ugonjwa unaokua maradufu kwa siku mbili, wiki tatu za kusubiri zinaweza kuondoa nafasi ya kupona.

Ndiyo maana utafiti unaofanywa sasa na wataalamu wa Tanzania na Uganda, wakiwemo wa hospitali za Muhimbili na Lacor, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, una uzito wa pekee. Wanatafuta vinasaba vya uvimbe na vya kirusi cha Epstein-Barr katika damu ya kawaida ya mtoto, ili jibu lipatikane haraka bila kungoja upasuaji. Safari hii kazi ya maabara inafanyika huku huku, mikononi mwa wataalamu wetu.

Kwa miongo kadhaa vinyama vya watoto wa Mulago na Nairobi vilipanda ndege kwenda London na Stockholm, na elimu iliyotokana navyo ikawanufaisha wagonjwa wa dunia nzima. Elimu hiyo sasa inapaswa kumfikia mtoto wa Gulu, Tanga na Kisumu ndani ya siku chache tangu taya lake livimbe. Serikali zetu zinaponunua mashine za mamilioni, zikumbuke pia kumwajiri mpatholojia, kumfunza fundi wa maabara na kuhakikisha formalini haikosekani hospitali ya wilaya. Bila hayo matatu, hata mashine ghali kuliko zote haitakuwa na cha kupima.