Herufi U ya Ngomeni

Insha kuhusu kama safari za anga zinastahili gharama yake nimeiandika mara nne, zote kwa majina ya watu wengine. Ndiyo kazi iliyonilisha baada ya kutoka chuoni: mwanafunzi wa Marekani analipa, mimi niko Kahawa West usiku nikimwandikia, na asubuhi yeye anapata alama. Mara mbili niliandika kwamba zinastahili, mara mbili kwamba hazistahili. Malipo yalikuwa yale yale.

Hii ya tano naiandika kwa sababu ya herufi moja.

Lakini nianze na karo. Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, karibu saa nne asubuhi kwa saa zetu, roketi ya Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, ikiwa na Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi. Niliitazama kwenye simu kwa bando la kuazima. Wiki tatu kabla nilikuwa nimefungasha virago, mwaka wa tatu, fizikia, nikiwa na deni la elfu arobaini na mbili na mkopo ambao kila nikiulizia naambiwa uko njiani. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50. Yenyewe inapaa, mimi nashuka. Nilisema kile kile walichosema wengi siku hiyo: watu wa kaskazini wamekosa mvua misimu mitano mfululizo, unga haushikiki, halafu ati tunarusha vyuma.

Baadaye hasira zilipopoa nilipiga hesabu. Bajeti ya serikali mwaka huo ilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 3. Milioni 50 ndani yake ni kama shilingi moja katika kila elfu sitini. Ukisema hiyo ndiyo iliyoleta njaa, unadanganya. Lakini pia hizo hizo milioni 50 zingelipa madeni ya wanafunzi kama mimi karibu elfu moja na mia mbili. Hesabu zote mbili ni sahihi, na hakuna hata moja iliyonisaidia kulala.

Swali lenyewe ni la zamani. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuondoka, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika uongozi wa harakati baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, alifika karibu na uwanja wa roketi kule Florida na watu maskini mia kadhaa na mikokoteni ya nyumbu. Hakuja kuizuia roketi. Alitaka ijulikane kwamba kuna watoto wenye njaa katika nchi inayokwenda mwezini. Thomas Paine, mkuu wa NASA, alitoka kumlaki, akamwambia kwamba kama kutobonyeza kitufe kesho yake kungeondoa umaskini, wasingebonyeza. Abernathy alikubali mwaliko wa kuja kutazama roketi ikiruka. Apollo yote iligharimu dola bilioni 25 na ushei.

Mwaka uliofuata mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Mary Jucunda, aliuliza jambo hilo hilo kwa barua. Aliyemjibu ni Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA, kwa barua ndefu yenye heshima. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba chombo kinachozunguka dunia kitaweza kutazama mazao na ukame mahali pengi kwa muda mfupi, na hivyo kusaidia kupata chakula. Mimi hoja hiyo niliitumia katika zile insha mbili za ndiyo. Sikujua kwamba mwaka ule ule wa barua, 1970, jambo kubwa zaidi katika historia ya anga ya nchi yangu lilitokea baharini kaskazini mwa Malindi.

Waitalia walikuwa wamefika hapo kabla yake. Profesa wao, Luigi Broglio, alitaka kurusha roketi karibu na ikweta, na sababu ni rahisi: dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Roketi inayoondokea hapo inapewa msukumo wa bure. Na upande wa mashariki wa Ngomeni ni maji matupu, kwa hivyo kikianguka kitu kinaangukia Bahari ya Hindi. Wakasimamisha majukwaa ya chuma, San Marco na Santa Rita, katika Ghuba ya Ungwana. Kati ya mwaka 1967 na 1988 zilirushwa setilaiti tisa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani zinazoitwa Scout.

Ya pili kati ya hizo tisa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, aliipa setilaiti jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu inazizuia zisifike chini (na ni heri, la sivyo tusingekuwepo), kwa hivyo ukitaka kuziona lazima upande juu. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kupewa kazi hiyo peke yake. Ilifanya kazi hadi 1973 na ikaacha orodha ya vyanzo 339. Kimojawapo ni Cygnus X-1. Vipimo vyake vilionyesha mwanga wa eksirei ukibadilika haraka mno, na hilo likawafanya wanafalaki waanze kuamini kwamba mashimo meusi si hesabu za ubaoni tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa ile herufi. Mwaka wa pili mhadhiri aliandika ubaoni jina la nyota: 4U 1700-37. Tukanakili. Hakuna aliyeuliza U ni ya nini, na sidhani kama yeye alijua. Nimekuja kulijua nikitafiti ile insha ya nne, saa tisa usiku, kwa ajili ya mtu wa Ohio: orodha ya nne ya Uhuru. Kila mwanafalaki duniani anayetaja nyota hiyo anataja neno letu bila kujua. Nilimwekea yule wa Ohio jambo hilo katika aya ya tatu. Akalirudisha, ati linatoka nje ya mada.

Nilipopata hela kidogo nikaenda kuona. Matatu hadi Gongoni, halafu bodaboda kupita mashamba ya chumvi. Ngomeni ni kijiji cha wavuvi, na majukwaa unayaona kwa mbali yakiwa yamesimama majini kama meza zilizosahauliwa baada ya arusi. Nilimkuta mzee akishona wavu chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia zile?"

Alikuwa kijana roketi zikirushwa. Alisema unaona moto kwanza, halafu kishindo kinakujia tumboni. Nikamuuliza kijiji kilipata nini. Akafikiri. "Kazi zilikuwako. Kupika, kufagia, kulinda, kuendesha boti." Kisha: "Na ukitoka usiku huwezi kupotea, taa zao waziona."

Kupika, kufagia, kulinda. Hapo ndipo swali la insha zangu zote liliponiharibikia. Tunauliza kama "sisi" tunapoteza pesa angani, kana kwamba anayelipa, anayefaidi na anayeangukiwa ni mtu mmoja. Uhuru ililipiwa na Wamarekani, ikarushwa na Waitalia, ikatoa Nobel kwa mtu wa mbali. Sisi tulitoa ikweta, bahari na jina. Malalamiko kwamba tunapata kidogo yamerudi kila mara mkataba wa kituo hicho unapozungumzwa upya. Kwa hiyo kosa la Taifa-1, kama lipo, kwangu si kwamba ilikula milioni 50. Kosa ni kwamba ilitufikia miaka hamsini na mbili baada ya Uhuru kuruka mbele ya macho yetu, na muda wote huo tulikuwa tunafagia.

Na lile la Stuhlinger lilitimia, ingawa polepole. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa 1972. Mwaka 2010, kule Marsabit, ilianzishwa bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho: nyasi zikikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka 2011, katikati ya ukame mkali. Kutoka barua hadi hela mkononi, miaka arobaini na moja. Lakini picha hizo nazo tulizipata kutoka kwa setilaiti za wengine.

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, kaunti ya kwetu. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Susu yangu, anayeishi kilima cha pili, alinipigia jioni. Hakuuliza kama safari za anga zinastahili gharama. Aliuliza, "Mwenye hicho chuma ni nani, na angemwangukia mtu angelipa nani?"

Nikamwambia wanachunguza.

"Wewe si ulisomea hayo mambo?"

Nikamwambia nilisomea nusu.